Mama Barbro: Mbunge Wetu Tuliyemsahau



Kila mwaka, kabla ya kufika kwenye hesabu na fomu za ahadi, kijitabu hiki hutenga kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja aliyeijenga nchi yetu ya nyumbani na ambaye ametangulia mbele ya haki. Huwa tunawakumbuka watawala, viongozi wa dini, waasisi wa ushirika wa kahawa na wapigania uhuru. Safari hii kamati imechagua mtu ambaye hakuzaliwa kwetu, hakuwa na kibanja cha ukoo, wala hakuwa na jina la Kihaya alilopewa na babu. Alizaliwa Malmö, kusini mwa Uswidi, mwaka 1912. Jina lake ni Barbro Johansson, na wazee wetu walimwita Mama Barbro.

Tunajua baadhi yenu mtauliza kama wetu wenyewe wamekwisha. Swali hilo liliulizwa hata ndani ya kamati, na kwa sauti ya juu. Tunaomba msome mpaka mwisho, maana maisha ya mama huyu yanagusa moja kwa moja mradi tunaouchangia mwaka huu. Yanagusa pia ukurasa mmoja wa historia ya uwakilishi wetu bungeni ambao watoto wetu hawafundishwi.

KUFIKA KWAKE BUKOBA

Mama Barbro alifika Bukoba mwaka 1946, Vita Kuu ya Pili ikiwa imekwisha mwaka mmoja tu. Alitumwa na misheni ya Kanisa la Uswidi. Waluteri wa kwetu walikuwa wamehudumiwa kwa miaka mingi na wamisionari wa Kijerumani wa Bethel, na vita ilipoanza Wajerumani hao waliondolewa. Wachungaji na walimu wazawa wakaubeba mzigo, kisha Waswidi wakaja kusaidia. Mmoja wao alikuwa Bengt Sundkler, ambaye baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa kanisa hilo kwetu, kabla ya kumwachia kiti Askofu Josiah Kibira mwaka 1964.

Barbro alikuwa mwalimu, mwanamke asiye na mume wala mtoto, mwenye umri wa miaka 34. Katika Buhaya ya wakati ule hilo peke yake lilikuwa jambo la kushangaza. Alijifunza Kihaya na Kiswahili, akakaa vijijini, na kitu cha kwanza alichokiona ndicho ambacho wengi wetu tulikizoea mpaka hatukukiona tena. Darasani walijaa wavulana, na wasichana walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Tusiwahukumu wazee wetu bila kueleza hali ilivyokuwa. Kahawa ilikuwa imeleta fedha, na baba mwenye fedha kidogo alimpeleka shule mtoto ambaye angebaki kwenye ukoo na kurithi kibanja. Msichana angeolewa na kwenda kwa watu. Kumsomesha kulionekana kama kupalilia shamba la jirani. Isitoshe, kulikuwa na hofu kubwa katika miaka ile juu ya mabinti walioondoka nyumbani kwenda Kampala, Nairobi na miji mingine, na baadhi ya wazee waliamini kuwa kusoma ndiko kunakowafungulia njia ya kuondoka.

KASHASHA

Jibu la Mama Barbro lilikuwa shule. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianzisha shule ya bweni ya wasichana Kashasha, maili kama 25 kusini mwa mji wa Bukoba, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Muleba. Tunapenda mlitie alama neno hilo: bweni. Alijua kwamba msichana anayelala nyumbani hutafutiwa kazi kabla ya kutafutiwa daftari. Atachota maji, atamenya ndizi, atabeba mdogo wake mgongoni, atapalilia maharage, na akifika shuleni jua litakuwa limepanda na yeye amechoka. Bweni lilimpa msichana muda, na muda ndio alioukosa.

Kazi yenyewe haikuwa ya kujenga madarasa tu. Ilibidi wazazi washawishiwe, nyumba kwa nyumba, waamini kwamba binti yao atarudi salama na kwamba elimu haitamharibia ndoa. Wazazi waliokubali walichekwa na majirani. Baadhi yetu tunaoandika hapa ni wajukuu wa wanawake waliosoma katika shule za misheni za miaka ile, na tunajua tulichopata kwa sababu babu mmoja alikubali kuchekwa.

Jina la Kashasha limezunguka dunia nzima, lakini kwa sababu nyingine. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule hiyo walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Hali hiyo ikaenea mpaka ikawakumba wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Ikaruka hadi Nshamba, ambako watu zaidi ya 200 walipatwa, na ikafika hata karibu na mji wa Bukoba. Madaktari hawakupata sumu wala kidudu, na wataalamu wengi waliolichunguza baadaye wanalieleza kama matokeo ya hofu na msongo wa mawazo kwa vijana. Ukitaja Kashasha mbele ya msomi wa Ulaya au Marekani, atakuuliza juu ya kicheko. Sisi wenyeji tungependa siku moja aulize pia juu ya wasichana wa kwanza waliosoma pale na nani aliwafungulia mlango.

JIMBO LENYE WABUNGE WATATU

Sasa tufike kwenye siasa. Vijana wetu wamezoea majimbo ya leo: Bukoba Mjini, Bukoba Vijijini, Muleba Kaskazini, Muleba Kusini na mengineyo ya mkoa. Wengi hawajui kwamba uchaguzi wa kwanza wa nchi hii uliikuta sehemu yetu yote ya Ziwa Magharibi, kutoka Bukoba hadi Karagwe, Ngara na Biharamulo, ikiwa jimbo moja tu, na jimbo hilo lilikuwa na viti vitatu.

Uchaguzi huo ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, na kila jimbo lilitoa wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu wote watatu. Ukimpigia Mwafrika wako peke yake, kura yako iliharibika.

Sisi ni watu wa hesabu, hivyo tuseme wazi hesabu hiyo ilikuwaje. Sensa ya 1957 ilikuta Waafrika zaidi ya milioni nane na Wazungu wapatao elfu ishirini tu, na bado kila upande ulipewa idadi ileile ya viti. Zaidi ya hayo, haki ya kupiga kura ilitolewa kwa masharti ya elimu, wadhifa au kipato cha paundi 150 kwa mwaka. Katika nchi nzima waliojiandikisha walikuwa kama elfu sitini hivi. Mkulima wa kawaida wa kahawa alikaa nje akitazama, na mkewe alikuwa mbali zaidi na sanduku la kura.

Ndiyo maana TANU ilikaribia kupasuka. Wengi walitaka uchaguzi huo ususiwe. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie katika uchaguzi hata kama masharti yalikuwa mabaya, na uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Hoja yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuimeza: kama sheria inatulazimisha kuchagua Mzungu na Mwasia, basi sisi ndio tuchague ni Mzungu yupi na Mwasia yupi.

Kwetu siasa ilikuwa tayari imechemka. Kina Ali Migeyo walikuwa wamezunguka vijijini tangu siku za TAA, na walilipa gharama ya kufanya hivyo. Chama cha ushirika cha kahawa kilikuwa kimewafundisha watu kuchagua viongozi na kuwauliza fedha zimekwenda wapi. Kutoka katika ushirika huo alitokea George Kahama, aliyekuwa meneja wake akiwa bado kijana, akawa mjumbe Mwafrika wa Ziwa Magharibi. Mwaka huohuo wa 1959 aliingia pia serikalini kama waziri.

Kwa kiti cha Mzungu, TANU ilimuunga mkono mwalimu wa Kashasha. Hivyo mwaka 1959 Barbro Johansson aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mmoja wa wanawake wachache sana mle ndani, pamoja na Sophia Mustafa na Lady Chesham.

Fikirini hali yake. Alikalia kiti kilichotengwa kwa ajili ya rangi yake, ndani ya mpango uliobuniwa ili kuchelewesha utawala wa walio wengi, na akakitumia kuunga mkono wale waliotaka mpango huo ufe. TANU yenyewe haikuruhusu watu wasio Waafrika kuwa wanachama mpaka mwaka 1963, kwa hiyo alikipigania chama ambacho hakikuweza kumpa hata kadi. Baadhi ya Wazungu wenzake walimwona amewasaliti. Baadhi ya Waafrika walijiuliza mmisionari anatafuta nini katika siasa. Aliendelea.

KITI KILICHOKUFA

Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapandishwa. Viti vya rangi vikafutwa, na ulipofika uchaguzi wa 1965 nchi ilikuwa na majimbo 107 ya kura ya wote, wagombea wawili wa TANU karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Jimbo kubwa la Ziwa Magharibi likamegwa, mkoa wenyewe ukaja kubadilishwa jina kuwa Kagera baada ya vita ya 1978 na 1979, na viti vitatu vya 1959 vikabaki kumbukumbu.

Wazungu wengi waliokuwa katika Baraza lile walifunga mizigo. Mama Barbro alichukua uraia wa nchi mpya. Kwa mtu mwenye pasipoti ya Uswidi uamuzi huo haukuwa na faida yoyote ya fedha. Aliendelea kuwa mbunge katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, na jina lake likahusishwa siku zote na mambo mawili: elimu ya wasichana na elimu ya watu wazima, hasa wanawake waliokosa shule walipokuwa wadogo.

Katika miaka ya 1960 alikabidhiwa pia Shule ya Wasichana Tabora kama mkuu wa shule. Wakati huo sekondari za wasichana zilikuwa chache mno, na shule hiyo ilipokea mabinti kutoka kila pembe ya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilimpeleka ubalozi wake wa Stockholm. Mwanamke aliyeondoka Uswidi kama mmisionari akarudi huko kama mwakilishi wa Watanzania, akaiombea nchi yetu urafiki na misaada mbele ya watu waliozaliwa naye. Uhusiano wa karibu wa Uswidi na Tanzania katika enzi za Mwalimu ulijengwa na watu wengi, na yeye alikuwa mmoja wao.

Alifariki Desemba 1999, miezi miwili baada ya Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa rafiki yake kwa zaidi ya miaka arobaini. Nchi ilikuwa bado imevaa msiba mkubwa, na kifo chake kikapita kimyakimya. Jina lake linaishi katika sekondari ya wasichana ya Barbro Johansson iliyoko Luguruni, Dar es Salaam, iliyoanzishwa chini ya juhudi zilizoongozwa na Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuja kuwa mbunge wa Muleba Kusini.

HESABU YETU WENYEWE

Ndugu zetu, kwa nini tumewasimulia haya katika kijitabu cha harambee?

Mradi wa mwaka huu ni bweni la wasichana wa sekondari nyumbani. Mlipoletewa pendekezo hilo kwenye mkutano mkuu, halikupita kwa urahisi. Wapo waliotaka ukumbi, wapo waliotaka gari la kubebea maiti, na wapo waliosema kwamba ada ya shule za serikali imeondolewa tangu 2016 na hivyo suala la shule ni la serikali. Tuliwasikiliza wote kwa heshima, na kura ilipopigwa bweni lilishinda kwa tofauti ndogo. Hatufichi jambo hilo. Fedha mnazochanga ni zenu, na mna haki ya kujua mlivyogawanyika.

Lakini sisi tunaoshika vitabu vya chama tuna jambo la kusema, na tunalisema bila kumlenga mtu. Kila mwaka tunapofunga hesabu, fungu linalojaa haraka kuliko yote ni la misiba. Mwenzetu akifariki Dar es Salaam, ndani ya siku mbili fedha za kumsafirisha karibu kilomita 1,400 mpaka Bukoba zinapatikana, jeneza linanunuliwa, basi la waombolezaji linakodiwa. Ni desturi njema na hatutaiacha, maana Mhaya hulazwa kwenye kibanja chake. Fungu linalochelewa kuliko yote ni la elimu. Huko ahadi ni nyingi na risiti ni chache, na mwaka unaisha tukipiga simu za kukumbushana. Kwa maneno mengine, tumekuwa hodari wa kuwarudisha nyumbani waliokufa kuliko kuwasimamia walio hai.

Hao walio hai ni nani? Ni binti anayetembea asubuhi na giza kwenda sekondari ya kata na kurudi jioni na giza. Ni yule ambaye wazazi wake, kwa nia njema kabisa, wamempangia geto karibu na shule, akakaa peke yake au na mwenzake wa miaka 15, bila mtu mzima wa kufunga mlango usiku. Tunajua yanayofuata, maana hakuna ukoo hapa ambao haujayaona. Tangu mwisho wa 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na tunashukuru. Ila ingekuwa bora zaidi asitolewe masomoni kwanza.

Mama Barbro aliliona jambo hili zaidi ya miaka sabini iliyopita, na dawa aliyoipata ilikuwa ileile tunayoijadili sisi leo: kitanda, taa, chakula, mlango wenye kufuli, na mwalimu mwanamke anayelala jirani. Hakuwa na binti wa kumsomesha. Hakuwa na kibanja cha kukilinda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, na wengi wetu tulipona kwa mkono wake. Haya ya sasa ni ya wenyeji.

Wapo wanaosema kwamba kumsifu mmisionari wa Kizungu ni kuwadharau mama zetu. Tumelifikiria hilo kwa makini. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyewainua wanawake wa Buhaya. Waliinuka wenyewe, wengine kwa kuuza ndizi na kahawa, wengine kwa kuondoka, wengine kwa kubaki na kuvumilia. Tunachosema ni kwamba alisimama upande wao wakati ambapo baba zao wengi hawakusimama. Na alipopewa kiti asichostahili kwa hesabu ya haki, alikitumia mpaka kiti chenyewe kikafutwa. Si viongozi wengi wa rangi yoyote ambao wamefanya kazi ya kukimaliza kiti chao wenyewe.

OMBI LETU

Fomu za ahadi zimeambatanishwa nyuma ya kijitabu hiki. Tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, ahadi unayoiandika iwe ile unayoweza kuitimiza. Ahadi haipandishi ukuta. Kidogo kinacholipwa kinatufaa kuliko kingi kinachotajwa ukumbini na kupigiwa makofi.

Pili, anayeweza kutoa vifaa atoe vifaa: saruji, mabati, nondo, vitanda, magodoro, matangi ya maji. Kila kitu kitapokelewa kwa maandishi, na taarifa itasomwa kwenye mkutano mkuu ujao, mstari kwa mstari, kama ilivyo kawaida yetu.

Tatu, mtakapokwenda nyumbani mwisho wa mwaka, wakati wa senene, tengeni nusu siku muende mkatazame kiwanja cha bweni. Mkiwa na bibi aliye hai, muulizeni alisoma wapi, nani alimruhusu, na nani alimzuia. Mwandikieni majibu yake. Mwaka ujao tungependa kurasa hizi ziwe zake.

 Mungu aibariki nchi yetu ya nyumbani na wote waliokwenda kuihangaikia mbali nayo.

Kwa niaba ya Kamati ya Fedha na Miradi